Paa Yetu

Mlango uligongwa mara moja tu, kwa kiganja kizito, na Swali akajua papo hapo kwamba aliyeko nje si mama. Mama hugonga mara mbili za haraka, hunyamaza kidogo, kisha humalizia na moja.

"Hodi humu ndani!" Ilikuwa sauti ya mwanamume.

Swali alikuwa na miaka minane. Mama ndiye aliyembandika jina hilo, kwa kuwa tangu aanze kusema haikupita siku bila yeye kuuliza kwa nini. Mdogo wake wa miaka minne, Donge, alikuwa amelala kifudifudi sakafuni katikati ya makaratasi. Mama yao alikuwa mshona vitabu katika kiwanda cha uchapaji, na kurasa zilizoharibika aliruhusiwa kwenda nazo nyumbani. Wiki hii zilikuwa za kitabu cha vitendawili cha darasa la pili. Mashine ilikuwa imekata vibaya, majibu yote yakaenda na maji. Basi watoto wakawa wanajitungia yao.

"Hupanda na kushuka mchana kutwa, wala hajasogea hata hatua moja," Swali alikuwa amesoma muda mfupi tu uliopita.

"Babu wa ghorofa ya chini!" Donge alijibu.

"We Donge! Ni ngazi."

"Kwani babu husogea?"

Walikuwa bado wanacheka hodi ilipopigwa. Sasa hakuna aliyecheka. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na kwenye kona ya chumba matone yalidondoka ndooni, to, to, to.

"Nani?" Swali aliuliza. Sauti yake ilitoka nyembamba kama uzi.

"Nafanya kazi na mama yenu. Ameanguka ngazini, kule stoo. Yuko zahanati, mguu umevunjika, na simu yake imepasuka. Kanituma niwachukue. Fungua, mwanangu."

Ngazi. Swali aliitazama karatasi mkononi mwake kana kwamba ni yeye aliyemwangusha mama kwa kulitaja neno lile. Mkono ukapanda wenyewe hadi kwenye komeo, ukakigusa chuma cha baridi, ukasimama hapo.

Alikuwa ameahidi. Siku ya kwanza mama alipolazimika kuwaacha peke yao baada ya shule, alipiga magoti mbele yake akamshika mabega. "Mlango haufunguliwi mpaka aliyeko nje ajibu kitendawili chetu. Hata akiwa mtu wa heshima zake. Hata sauti ikiwa yangu. Unaniahidi?" Swali akasema, "Nakuahidi, mama."

"Kitendawili," alisema sasa, mdomo ukiwa karibu na mbao.

Mwanamume akaitikia: "Tega."

"Nina paa hana pembe, hali nyasi wala hakimbii, lakini mvua ikinyesha hulia."

"Ahaa, hicho!" Mtu yule alionekana kufurahi. "Mama yako kanipa jibu. Ni paa letu."

Swali aliuondoa mkono kwenye komeo.

Mtu yule alikuwa amekosea kidogo mno, na kwa sababu hiyo hasa alitisha. Jibu halikuwa "paa letu." Siku walipohamia chumba hiki cha ghorofa ya juu, Swali akiwa na umri wa Donge, mvua iliwadondokea kitandani naye akapiga kelele, "Mama, paa yetu inalia!" Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye shuleni mwalimu alimfundisha kwamba ni paa letu, nalo linavuja. Nyumbani likabaki paa yetu vilevile. Mama alipochagua jibu la siri alisema, "Mjanja anaweza kukisia kitendawili. Kosa letu hawezi kulikisia."

Na huyu mjanja alikuwa amekisia.

"Rudia," Swali alisema.

"Paa letu. Paa la nyumba, linavuja, si ndiyo? Haya, fungua."

"Siyo."

"Siyo vipi? Mtoto, mama yako anaumwa!"

"Umeshindwa. Nipe mji." Maneno ya mchezo yalimtoka kwa mazoea tu.

"Nakupa. Chukua mji mzima na soko lake! Haya, nami nipe jibu."

Hapo Swali alijiona amejinasa. Sheria ya mchezo aliijua: ukipewa mji, unatoa jibu. Donge naye aliijua. Alisimama katikati ya makaratasi, akavuta pumzi, akapanua kinywa, "Paa ye..."

Swali alimrukia akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Hiki hakina mji!" alipaza sauti. "Nenda zako!"

Nje mtu alishusha pumzi. Kisha kitu laini kikapenyezwa chini ya mlango. Kilikuwa kitambaa cha kichwa cha mama, cha buluu, chenye harufu yake ya gundi. Pembeni kilikuwa na doa jekundu, kubwa kama kidole gumba.

"Sasa unaniamini?"

Swali alikiokota. Nyayo zilishuka ngazi taratibu, zikapotea.

Alikaa chini, mgongo mlangoni, Donge mapajani. Kama mtu yule ni mwongo, kitambaa hiki amekipataje? Na kama ni mkweli, basi mama yuko peke yake, ana maumivu, anawangoja watoto wasiokuja, na ni Swali aliyewazuia. Kila upande aliogeukia ulikuwa na meno. Alikikunja kitambaa ili Donge asilione lile doa.

"Njaa," Donge alisema.

"Kaa, nitakupa mkate."

"Kaa la moto au kaa wa kuuma?"

Ulikuwa utani wao wa siku zote. Swali alitaka kucheka, machozi yakawahi.

Ndoo ilikuwa imejaa hadi nusu aliposikia tena vishindo ngazini. Safari hii hatua moja nzito, kisha ti! ya fimbo kwenye saruji, kisha mtu akiguna. Hatua, ti, mguno. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ilichukua muda ambao Swali hakujua kuupima.

Mlango uligongwa mara mbili za haraka. Kimya. Moja.

"Swali, mwanangu, ni mimi."

Donge alijirusha mlangoni akilia, "Mama! Mama!" Swali alilishika komeo. Ilikuwa sauti ya mama kabisa, imechoka, imekwaruzwa na maumivu.

Hata sauti ikiwa yangu.

"Kitendawili," alisema.

"Jamani!" Ilikuwa sauti ya yule mwanamume, nyuma kidogo. "Mama wa watu amepanda ngazi zote hizi kwa mguu mmoja, na bado..."

"Mwache," mama alisema. Alipumua kwa shida. "Tega, mwanangu."

Swali alikisema chote, tangu pembe hadi machozi, neno baada ya neno, akiisikia ile fimbo ikitikisika juu ya saruji na Donge akimvuta gauni. Hakuruka hata neno moja.

"Paa yetu," mama alisema.

"Paa letu," mwanamume alinong'ona.

Kisha mama akaanza kucheka, kicheko kilichochanganyika na kilio. "Kumbe ndivyo! Nikutume wewe, mtu wa kusahihisha vitabu, na kalamu yako nyekundu inayovuja mpaka kwenye kitambaa changu! Umelisahihisha jibu la mwanangu!"

Swali alilivuta komeo kwa mikono miwili.