Kahawa ya Mstaafu

Sleyum, mume wangu, alipostaafu hapa Ibra, Oman, mimi nilishaanza kukunja nguo za safari. Dada yangu Radhia yuko Unguja, macho yanamfifia, na kila nikimpigia simu husema, "Khamisa, njoo nikuone ningali naona." Sleyum aliniapia kuwa nauli ipo. Kila mwaka alikuwa akiiacha sehemu ya bonasi yake kazini, alipwe yote atakapoondoka.

Siku ya kuagwa akarudi nyumbani na kilemba kipya, anacheka peke yake.

"Pesa bado," akasema. "Kampuni ni ya Kimarekani. Sheria yao ya kodi inasema wafanyakazi wadogo walipwe mara moja, wakubwa wasubiri miezi sita."

"Sasa unachekea nini?"

"Hukusikia, Khamisa? Wakubwa!"

Jamani! Aliwapigia simu ndugu zake wote, wa Ibra na wa Sur, kuwatangazia kwamba hajalipwa.

Nikasema haya, nitasubiri. Kumbe asubuhi ya pili namwona anajaza chupa ya kahawa, anafunga tende, huyo anatoka. "Nawasalimia jamaa ofisini," akasema. Kesho yake vilevile, na mtondo vilevile. Anakaa kwenye kiti chake kile kile, anawamiminia watu kahawa, na wakishakunywa wanamletea mambo yao: pampu hii iende Nizwa au Sur, dereva fulani apewe gari gani. Naye anaamua! Bassam, aliyeshika nafasi yake, maskini ya Mungu, kakaa kwenye stuli dirishani na kifinjani mkononi. Nani Ibra hii atamfukuza mzee aliyekuja na kahawa? Aibu gani hiyo!

Miezi sita ilipokwisha akaja Firas, kijana anayeshughulikia mishahara yao, macho kayainamisha.

"Shikamoo khalati."

"Marahaba. Umeleta pesa?"

"Wakaguzi wa Marekani wanasema ami Sleyum hajaondoka kazini. Miezi sita haijaanza. Itaanza siku atakayoacha kazi kweli."

"Mimi nilikuwa nasalimia tu!" Sleyum akapiga kelele.

"Ami, wiki iliyopita umenikatalia likizo yangu."

Nililia. Sikuona haya, nililia palepale mbele ya mgeni, kwa sababu macho ya Radhia hayajui habari za wakaguzi. Sleyum akabaki anakunakuna kilemba. Nilipokwisha kulia nikachukua ufunguo wa gari nikauzika ndani ya gunia la mchele.

"Khalas," nikamwambia. "Umestaafu leo."

Alaa, kumbe kanistaafia jikoni! Akaweka kiti mlangoni: vitunguu nikate hivi, mafuta yamezidi, hili sufuria nani kaliruhusu? Jirani alikuja kuomba chumvi, akamwambia arudi Jumapili, wiki ya kazi ikianza. Simu ya kutoka ofisini ikilia napokea mie. "Sleyum hayupo, kastaafu." Naye nyuma yangu ananong'ona, "Waulize ile pampu ya Nizwa!" Wallahi kuna siku nilitamani kumrudishia ufunguo wake. Namkumbuka Radhia, nauma meno, naendelea kukaanga.

Mwisho miezi sita ikatimia, pesa zikaingia. Siku ile ile nikakata tikiti kwa simu. Sleyum akaichukua simu yangu, akaipekua juu na chini, anatafuta jina lake.

"Na yangu iko wapi?"

Nikafunga sanduku.

"Mimi mdogo, bwana, naondoka mara moja. Wakubwa wasubiri miezi sita."