Sahihi ya Glavu

Minata Sourabié alikuwa kwenye kilo ya nne asubuhi hiyo alipoona damu kwenye korosho. Aliifuta haraka kwa upindo wa kitenge, akaona haifutiki, akaitupa chini ya meza kabla nyapara Siaka hajapita. Korosho yenye doa hukatwa kwenye mzani, na kwa madoa Siaka hakuwa na mchezo.

"Imepasuka tena?" Karidja aliuliza kutoka meza ya pili, mkono wake haukuacha kushusha wembe wa mashine.

"Tangu tulivyoingia."

"Si upake dawa, shoga?"

"Nimepaka. Ndiyo hiyo imepasuka."

Walikuwa wanawake mia mbili ndani ya banda lile, nje kidogo ya mji wa Banfora, kwenye barabara ya mashamba ya miwa. Korosho ikishachemshwa kwa mvuke na kupasuliwa, ganda lake hutema mafuta meusi yanayobabua ngozi kama maji ya betri. Kinga yao ilikuwa bakuli la majivu na mafuta ya nyonyo. Unachovya mikono, unabangua, yakikauka unachovya tena, ukisahau, unaungua.

Miezi miwili ya kwanza viganja vya Minata vilivimba na kutoka malengelenge. Siaka alifungua mtoto wa meza yake akamrushia tyubu. "Jipake hii, kesho utacheza ngoma." Na kweli, kesho yake moto ulikuwa umezimika na uvimbe umenywea. Hakuambiwa apake kiasi gani, wala aache lini. Kile kijikaratasi cha maelezo kilichokunjwa ndani ya boksi Siaka alikitoa mwenyewe na kukitupa, eti kinachafua banda. Tangu hapo ikawa kila Jumatatu tyubu mpya, na kila Jumatatu sahihi kwenye kitabu.

Sasa ulikuwa mwezi wake wa nane kazini. Ngozi ya mgongo wa mikono yake ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, mishipa yote nje, na akigusa tu pembe ya meza inachubuka. Mara mbili alijaribu kuacha dawa. Siku ya tatu mikono iliwaka kuliko mwanzo, akarudi kwa Siaka mbio. Karidja yeye alianza kuipaka usoni, kwa sababu ilimtakatisha. Miezi minne alipendeza mpaka wanaume wakamgeukia barabarani. Siku hizi mashavu yake yalikuwa mekundu, yamejaa vipele, na alijifunga kitambaa mpaka puani akisingizia vumbi.

Saa nne Minata alisimama mbele ya nyapara.

"Naomba ruhusa niende zahanati."

"Zahanati kufanya nini? Dawa si ninayo hapa?"

"Mkono unatoa usaha, bosi."

Siaka aliutazama mkono, akakunja pua. "Saa saba uwe hapa. Ukichelewa, meza ina mtu mwingine."

Zahanati ya mtaa ilikuwa na benchi moja na nesi mmoja, Edwige Hien, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyozoea kuita watu uani. Aliishika mikono ya Minata, akaigeuza, akaibonyeza taratibu.

"Unatumia nini?"

Minata alifungua fundo la kitenge akamtolea tyubu. Nesi alisoma jina la dawa, kisha akalisoma tena.

"Nani kakuandikia hii?"

"Nyapara."

"Nyapara kasomea nini?"

"Kuhesabu magunia."

Nesi hakucheka. "Kwa siku unapaka mara ngapi?"

"Kila nikisikia moto. Tano, sita. Nikienda kulala navaa mfuko wa plastiki juu yake. Siaka alisema itaingia vizuri."

"Itaingia, ndiyo! Imeingia mpaka kwenye damu, dada yangu." Edwige aliweka tyubu mezani kama mtu anayeweka kisu. "Sasa nisikilize. Dawa yenyewe si mbaya. Hata mimi naiandika. Ni dawa ya steroidi, na hii hapa ni kali kuliko zote ninazozijua. Inatuliza ngozi iliyovimba, lakini mtu anaipata kwa wiki mbili, basi, kisha anapunguziwa. Ukiipaka miezi, inaila ngozi ileile uliyotaka kuiponya."

Akachukua tyubu nyingine, nyepesi, akaminya mstari mdogo kwenye kidole cha shahada cha Minata, kuanzia ncha mpaka kwenye mkunjo wa kwanza.

"Umeuona? Huo unatosha mkono mmoja, kiganja na mgongo wake. Kwa siku mara moja tu."

Minata aliutazama ule mstari. Haukufika hata urefu wa kucha mbili. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akiminya tyubu mpaka kiganja kinajaa, akaona aibu. Kisha aibu ile ikageuka hasira. Kumwonyesha mtu jambo hili kulichukua muda gani? Siaka angeshindwa nini?

"Usiache ghafla," Edwige aliendelea, "utaungua upya kama zile mara mbili. Hii nyepesi wiki mbili kila siku, halafu siku ndiyo siku hapana, halafu unarudi niitazame. Huu ufa wenye usaha tunautibu kwanza kwa dawa yake, usiupake hii juu. Siagi ya shea, ile ya kulainisha ngozi, jipake utakavyo, ila iachane na dawa nusu saa. Na plastiki marufuku."

"Nesi." Minata aliinamisha kichwa. "Mwanangu ana pumu ya ngozi. Ana miaka miwili. Nilimpaka mashavuni. Hii ya kiwandani."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

Edwige alivuta pumzi. "Usimpake tena. Kesho mlete. Watoto wana ya kwao, dhaifu kabisa, na usoni hatuwapaki bila kuangalia. Siku tatu hazijamharibu. Umesikia? Usilie."

Minata hakuwa analia kwa ajili ya mtoto peke yake. "Na nikirudi kwenye korosho?"

"Bila glavu, hata nikupe ndoo nzima ya dawa hutapona. Wanakuunguza kila siku, halafu wanakupa kitu cha kukufanya usipige kelele."

Aliandika karatasi: glavu za mpira zenye kitambaa ndani, mapumziko ya wiki mbili, asiguse maganda. Akapiga mhuri mara mbili, kwa hasira.

Saa saba kasoro dakika kumi Minata alikuwa ofisini kwa afisa utumishi, Bwana Zongo. Siaka alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake. Feni ilizunguka. Zongo alisoma karatasi huku akila karanga.

"Hii ya serikali. Sisi tuna huduma yetu ya afya hapahapa."

"Ipi hiyo, bosi?"

"Si mnapewa dawa bure? Kiwanda gani kingine kinatoa dawa bure?"

"Sitaki dawa. Nataka glavu."

Zongo alimtazama Siaka, wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaokaa upande mmoja wa meza. "Glavu mnapewa, mama. Jozi moja kila wiki." Akafungua kitabu kikubwa cha kijani, akakigeuza. "Sahihi ya nani hii?"

Ilikuwa yake. M ndefu, S iliyopinda, aliyofundishwa darasa la tano kabla baba yake hajafa. Zilishuka ukurasa mzima. Alikumbuka kila Jumatatu: tyubu mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia, na kiganja kipana cha Siaka juu ya ukurasa, kidole kikimwonyesha mahali pa kusaini. Sasa kiganja hakikuwepo. Juu ya safu ya majina iliandikwa, kwa herufi kubwa: GLAVU.

"Hapa nilisaini tyubu," alisema.

"Imeandikwa glavu."

"Bwana Zongo, mikono hii imewahi kuvaa glavu?" Aliitandaza juu ya kitabu chake, na afisa akavuta bakuli lake la karanga kando.

"Usinizingue. Glavu zinapunguza kasi, nyie wenyewe mlizikataa."

"Tuliulizwa lini?"

"Haya, tusigombane." Sauti ya Zongo ililainika. "Najua unaumwa. Sahihi yako ya wiki hii bado. Weka sahihi, nami nakupa wiki nzima ukae nyumbani, ukirudi meza yako ipo. Nani mwingine angekufanyia hivyo?"

Minata alimfikiria mtoto. Alifikiria gunia la mahindi lililobakiza kina cha kiganja. Akapokea kalamu. Siaka alimsogelea amwonyeshe mstari, kama kawaida yake.

"Nauona," Minata alisema.

Akakata lile neno GLAVU kwa mstari mmoja, akaandika juu yake polepole, vidole vikimuuma kila herufi: *dawa ya kupaka*. Kisha ndipo akasaini.

Zongo aliruka kama aliyemwagiwa uji. "Umeharibu kitabu cha kampuni! Siaka, mtoe! Mtoe huyu, asirudi!"

Ndani ya banda alikwenda kuchukua bakuli lake la chakula. Karidja hakuinua kichwa, maana Siaka alikuwa nyuma, ila alinong'ona: "Huyo nesi anatibu na uso?"

"Nenda kwake. Anaitwa Edwige. Usiache ghafla, na usione haya."

"Nitaendaje? Hanipi ruhusa."

Minata alimsogelea. Akambana bega, akatoka.

Nje ya lango palikuwa na foleni. Msimu ulikuwa umeanza, na wasichana wapatao thelathini walisimama juani wakisubiri kuchaguliwa. Karani alipita akiwaambia wafungue viganja, akivigeuza kama anayechagua nyanya. Waliotakiwa ni wenye mikono mizima.

Msichana wa mwisho, mwenye shingo nyembamba na kandambili mpya, alimsalimia kwa heshima.

"Shangazi, eti kweli humo ndani wanatoa dawa bure?"

Minata alimtazama usoni, kisha mikononi. Ilikuwa mikono mizuri. Akafungua ya kwake mbele yake. Msichana akarudi hatua moja. Lakini hakutoka kwenye foleni. Nyuma yake walikuwa wanafika wengine wawili.

Basi Minata akavuka barabara, akakaa juu ya tofali mkabala na lango, mahali ambapo kila anayekuja kwenye foleni lazima apite. Akaweka mikono magotini, viganja juu, damu na usaha na yote.

"Wewe mama!" mlinzi alipaza sauti. "Bosi anasema uondoke hapo!"

"Mwambie barabara si yake."

"Unangoja nini?"

"Singoji kitu," Minata alisema. "Nimekaa."