Sauti ya Dewey Katika Rangi

Kila Alhamisi mchana Emil Hruska alikuja nyumbani kwa Orrin Mabry, kule Newhall, kucheza dhumna, na kila Alhamisi alianza kwa kulalamikia dirisha. Alisema jua la California linaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi na kuharibu nyuso za watu, na mwenye akili angeshatundika pale shuka jembamba. Emil alikuwa mpiga picha wa filamu kwa miaka arobaini, na jicho la namna hiyo halistaafu hata mwenyewe akistaafu.

Orrin naye alikuwa kauboi. Si kauboi wa kuchunga ng'ombe, maana ng'ombe aliwaogopa tangu utoto, bali kauboi wa filamu, yule anayeimba. Kabla ya vita alicheza filamu kumi na mbili, zote za nyeusi na nyeupe, zote zikipigwa na Emil, na zote hadithi yake ilikuwa moja: ng'ombe wameibwa, binti wa mwenye ranchi ametapeliwa, na wanaume watatu, badala ya kuwafuata wezi, wanaketi kando ya moto wa kambi wanaimba kana kwamba ng'ombe wakisikia watarudi wenyewe. Katikati alikaa Orrin. Kulia kwake alikaa jamaa aliyefungua mdomo tu, hana sauti ya hata kuita kuku. Kushoto, na gitaa, alikaa Dewey, mdogo wake Orrin.

Dewey alifariki kwa ajali ya gari mwaka wa arobaini na mbili, njia ya Bakersfield, akiwa na miaka ishirini na tisa. Alimwacha mkewe, Lavonne, ambaye hakuolewa tena. Mke wa Orrin alipofariki, huyo Lavonne alihamia chumba cha nyuma, akaleta vyungu vyake vya maua kumi na saba na mdomo wake. Sasa ulikuwa mwaka wa themanini na saba, na shemeji hao wawili walikuwa wameishi pamoja miaka tisa wakitaniana asubuhi hadi jioni.

Alhamisi hiyo alikuja mgeni, Rosalind Teague, mwanamke wa makamo mwenye suti ya kijani, kutoka kampuni iliyokuwa ikitia rangi filamu za zamani kwa kompyuta. Alikaribishwa kahawa na mkate wa mahindi, akasifu mkate, akasifu maua, kisha akatoa kaseti ya video mkobani.

"Tumepata nakala kamili ya filamu yako moja, Mzee Mabry," alisema. "Ilikuwa ghalani miaka yote hiyo. Haijakatwa hata kidogo."

Lavonne aliweka chini birika.

Kwa sababu filamu zile zilipouzwa kwa televisheni zilikatwa zipate kuenea pamoja na matangazo ya sabuni, na mwenye mkasi alianza na nyimbo. Aliona kwamba katika wimbo hakuna anayepigwa risasi. Basi miaka zaidi ya thelathini, kwenye televisheni, wale wanaume watatu waliketi kando ya moto, wakavuta pumzi, wakafungua midomo, na papo hapo kukawa kumekucha na farasi wanakimbia. Santuri zilirekodiwa kwa sauti ya Orrin peke yake. Redioni waliimba moja kwa moja, na upepo ukachukua. Sauti ya Dewey haikubaki mahali popote duniani, isipokuwa kwenye nyimbo hizo zilizokatwa.

Teague aliitia kaseti kwenye mashine ya video. Ukaonekana moto wa rangi ya chungwa, nyasi kijani, na Orrin kijana mwenye mashavu kama embe bivu, akiimba ubeti wa kwanza, kisha wa pili. Ubeti wa tatu ulikuwa wa Dewey. Dewey akainua kichwa kutoka kwenye gitaa, akavuta pumzi, na kioo cha televisheni kikawa cheusi.

"Endelea!" alisema Lavonne.

"Kionjo kinaishia hapo, mama. Kazi bado haijakamilika. Tulitaka kwanza tuulize, shati lake hili tumelitia samawati. Ni sawa?"

Emil akacheka mpaka akakohoa. "Shati la Dewey lilikuwa la waridi, binti. Kama fizi za mtoto mchanga."

"Waridi? Kauboi?"

"Nililifua mwenyewe," alisema Lavonne. "Nikilianika kwa kificho, majirani wasimcheke."

"Nguo nyeupe ikipigwa taa inawaka, inameza uso wa mtu," Emil alieleza. "Kwa hiyo hatukutumia nyeupe kabisa. Mashati tuliyachovya rangi ya waridi. Vitambaa vya meza tulivichovya kwenye chai. Wasichana tuliwapaka midomo hudhurungi, utadhani wamekula udongo. Ungekuja siku ile ungesema hii ni sarakasi iliyofilisika. Lakini kwenye mkanda, binti, ilikuwa hariri tupu. Kila kijivu kina mahali pake."

"Basi si utuambie rangi za kweli, tuziweke?"

"Hujanielewa. Ukweli wenyewe ulikuwa kwenye kile kijivu. Zile rangi zilikuwa vyungu tu, vya kupikia."

"Lakini asiyependa rangi si anaweza kuzipunguza kwenye televisheni yake mwenyewe?"

"Nikikutilia sukari kwenye supu, utaipunguzaje?"

Teague alitabasamu kwa adabu, akaaga. Alipoondoka, Emil alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya dhumna. Ilikuwa barua ya wazee wa filamu, waongozaji na wapiga picha na waigizaji, ya kupinga utiaji rangi, nayo ingepelekwa magazetini Jumatatu. Mahali pa jina la Orrin palikuwa wazi, na Emil alikuwa ameshapigia mstari kwa penseli.

"Weka jina, bwana, tumalizie mchezo."

"Niachie niisome."

"Toka lini wewe unasoma?"

Orrin alicheka, lakini hakuishika kalamu. Alikuwa bado anaisikia ile pumzi ya Dewey, imevutwa na haijatoka.

Kesho yake Teague alipiga simu. Aliongea polepole, kama mtu anayemwonea huruma anayeongea naye, na pengine kweli alimwonea. Filamu itatiwa rangi, alisema, kwa hilo hakuna wa kuzuia. Kituo cha televisheni kinaitaka iwe fupi kama zamani. Lakini hawa wazee wanaandika barua, wanapiga kelele, na kampuni inahitaji mtu mmoja wa enzi zile aketi mbele ya kamera, aikaribishe filamu, aseme sentensi moja. Orrin akikubali, filamu itaonyeshwa nzima, na nyimbo zote. Asipokubali, mkasi.

"Sentensi gani?"

"Hivi ndivyo tulivyotaka muione tangu mwanzo."

Orrin alihamishia simu sikio la pili. Kisha alisema, "Nipatie tu nakala ya ule wimbo. Mmoja tu. Sitamwonyesha mtu. Ni kwa ajili ya mjane wa mdogo wangu."

"Ningekuwa na uwezo ningekupa, Mzee. Si mali yangu, na si mali yako. Ulitia sahihi mwaka wa thelathini na nane."

Hilo alilijua. Mkataba ule uliwapa wenye studio sura yake, sauti yake, jina lake na hata farasi wake, na vyote vilikuwa vimeuzwa mara tatu, kwa watu ambao hakuwahi kuwaona. Aliporudisha simu mahali pake alihisi kama mtu aliyeamka akakuta mlango umepakwa chokaa, hajui uko wapi ukutani.

Lavonne alikuwa jikoni anachambua maharage, mabovu upande huu, mazima upande ule. Hakuuliza ni nani aliyepiga simu.

"Una uso wa mtu aliyemeza kijiko," alisema.

Akamweleza. Hakumficha kitu, wala ile sentensi, wala Emil. Lavonne aliendelea kuchambua mpaka akamaliza bakuli.

"Mimi sikwambii ufanye nini, shemeji. Emil ni rafiki yako, na mkate wangu amekula miaka tisa. Lakini nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Uso wa Dewey ninao, picha zimejaa kabati. Sauti imenitoka. Nikiwa peke yangu nikijaribu kuikumbuka, inakuja yako."

Orrin akashika ukingo wa meza.

"Miaka arobaini na mitano," alisema Lavonne, "nikimwita mume wangu, unaitika wewe. Hiyo si haki kwangu, na si haki kwake."

Jumatatu asubuhi Emil alikuja kuchukua barua. Ilikuwa pale pale mezani, na mstari wa penseli ulikuwa mtupu. Aliitazama barua, akamtazama Orrin, akaitazama tena.

"Kalamu imeisha wino?"

"Emil, kaa kwanza nikueleze."

"Hapana. Ukinieleza nitakuelewa, na sitaki kukuelewa." Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akamuaga Lavonne kwa kuinua kofia, akaenda zake.

Siku ya kurekodi walimpeleka Orrin kwenye studio ndogo huko Burbank. Walikuwa wamewasha moto wa gesi katikati ya mawe ya plastiki, na nyuma yake wametundika picha ya machweo yenye wekundu wa kutisha. Wakamvika kofia nyeupe. Binti wa vipodozi alimuuliza kama kweli alikuwa mtu maarufu; akamjibu kwamba farasi wake alikuwa maarufu zaidi, na binti akaandika jina la farasi kwenye kiganja ili amuulize bibi yake.

Kamera ikawaka. "Habari zenu, marafiki," alisema Orrin. "Hivi ndivyo mtakavyoiona leo."

"Umebadilisha, Mzee," alisema Teague kutoka gizani.

Mara ya pili alisema, "Hivi ndivyo walivyotaka muione." Mara ya tatu alisahau, au alijifanya amesahau. Mara ya nne aliomba maji. Hakuna aliyemgombeza, walimngoja tu, vijana wenye subira, kama watu wanaongoja punda ainuke. Mara ya tisa Orrin aliona kwamba wangengoja hadi mwaka ujao. Akalegeza mabega, akatabasamu kile kitabasamu chake cha filamuni, cha upande mmoja, akaisema sentensi yote, sawasawa, kwa mapenzi, kama alivyokuwa akiimba maneno ya watu wengine maisha yake yote. Wapiga taa wakampigia makofi.

Filamu ilionyeshwa Jumapili saa tisa mchana. Lavonne alisuka nywele, akavaa gauni la kanisani, akaketi wima. Orrin alipojiona kwenye televisheni akiwa na ile kofia, aliangalia zulia mpaka yule mzee wa kwenye televisheni aliponyamaza.

Ikaanza. Nyasi zilikuwa kijani hadi kwenye kwato za farasi, na vumbi lilikuwa na rangi ya manjano iliyobaki nyuma, isiyoweza kuwafuata waliokimbia. Vivuli ambavyo Emil aliwahi kuvingojea nusu siku, wafanyakazi wote wakimtukana, vilikuwa vimepakwa zambarau.

"Macho wameyakosea," alisema Lavonne Dewey alipotokea. "Wamempa ya kahawia. Kama ya mbwa."

"Ngoja."

Moto wa kambi ukafika. Ubeti wa kwanza, ubeti wa pili. Dewey akainua kichwa, akavuta pumzi, akaimba.

Ilikuwa sauti nyembamba kuliko Orrin alivyodhani, yenye mchanga kidogo chini yake, na isiyokuwa na haraka. Lavonne aliinuka. Alikwenda hadi kwenye televisheni, akaweka kiganja chake pale panapotoka sauti, akainamisha kichwa asione picha. Haikuwa hata nusu dakika. Kisha kiitikio kikaanza, na sauti ya Orrin kijana ikaingia, nene, tamu, imeshiba, ikamfunika mdogo wake kama blanketi, na hakusikika tena.

"Alikuwa na mafua," alisema Lavonne, bado ameshika kioo. "Siku ile alikuwa na mafua! Nilimchemshia vitunguu na asali, akasema ananuka kama mgahawa. Nilikuwa nimesahau kabisa." Alikuwa analia na kucheka. "Ndiye. Ndiye yeye, Orrin."

Hakumwita shemeji.

Jumatatu simu ililia mapema. Alikuwa Emil.

"Niliona," alisema. "Ulisema vizuri. Hata mimi karibu niamini."

"Emil, ulimsikia Dewey?"

"Nilimsikia. Mimi ndiye niliyemweka kwenye mwanga ule, nikamzungushia kiza ili mtu asiangalie kitu kingine. Sasa nyuma yake kuna mti. Kijani. Sikujua pale palikuwa na mti." "Mwambie Lavonne nimefurahi kwa ajili yake. Kweli nimefurahi." Akakata simu.

Orrin hakuwa ameondoa mkono kwenye simu ilipolia tena. Alikuwa Teague, na sauti yake ilikuwa na furaha ya asubuhi. Watu wametazama kwa wingi wa ajabu. Barua ya wazee imetoka gazetini, na chini yake mhariri ameandika kwamba mwimbaji mwenyewe amekubali rangi, kwa hiyo hoja imekwisha. Kampuni inachukua filamu zote kumi na moja zilizobaki, kwa mpango ule ule, kuanzia Jumanne ijayo: yeye kwenye kiti, sentensi ile ile, na nyimbo hazitaguswa.

"Na nikikataa?"

"Mzee Mabry, tayari tunayo ile ya kwanza. Tunaweza kuirudia hiyo hiyo kila mara. Ila hapo nyimbo siwezi kuzitetea." Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Nimehesabu. Mdogo wako anaimba peke yake kwenye tisa."

Orrin aliinua macho. Lavonne alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono ina unga hadi viwikoni. Alikuwa amesikia hiyo tisa, maana simu ile ilipiga kelele kama bati. Hakumwomba. Alisimama tu, mwanamke wa miaka sabini na sita, akimtazama kama msichana anayesubiri kuitwa uwanjani kucheza.

"Mzee? Upo?"

"Nipo," alisema Orrin. "Jumanne saa ngapi?"