Hodi ya Mikokoni

Wakataji miti wa kijiji cha Mbwera wana desturi yao: mkoko haukatwi mpaka uugonge kwa kisigino cha shoka, uite hodi, kisha usubiri. Wanasema humo wanakaa waliozama wakakosa kaburi. Kukiwa kimya, kata. Ukiitikiwa, shika njia yako uende.

Idrisa naye alikuwa akiifuata, mpaka aliponunua msumeno wa mashine. Mashine na hodi wapi na wapi! Ikinguruma hivyo, huyo wa kuitikia atasikika vipi? Akafyeka upande mzima wa mto, kweupe.

Basi tangu hapo, kila maji makuu ya bamvua yakijaa, mlangoni kwake huitwa hodi. Sauti ya mtoto. Akifungua hakuna mtu, ila kizingiti kimelowa. Mkewe, Subira, hasikii kitu, na Idrisa anaogopa kumwambia sauti ni ya nani. Binti yao, Zuhra, walimzika mwaka jana makaburini, kando ya mto.

Sasa Mudrick, mnunuzi wa nguzo, akautaka ukanda wa mwisho wa mikoko, ule unaoyakinga makaburi. Nguzo za hoteli ya watalii, tena hoteli inayojitangaza kuwa inalinda mazingira! Jamani, watu hawana haya.

"Nisipokata mimi atakata mwingine," Idrisa alimwambia mkewe.

"Na akate huyo mwingine. Wewe una mtoto pale."

Akaenda hivyo hivyo, roho ikimsuta. Alipofika, mkono ukakataa kuwasha mashine. Akashika shoka, akagonga.

"Hodi."

"Karibu, baba."

Nywele zikamsimama. Sauti ilitoka chini, mizizini. Akainama. Palikuwa na ubao umenasa, na nyuma yake wa pili. Akazijua mbao zile, maana alizipasua mwenyewe za kumfunikia Zuhra kaburini. Maji yalipita kule alikofyeka, yakazunguka, yakalila kaburi kwa nyuma. Sanda nayo ilikuwa mle. Mikoko ilikuwa imemshika mwanawe asichukuliwe na bahari, na yeye amekuja kuikata.

Alilia uso umezama kwenye tope. "Nisamehe, mwanangu. Nisamehe."

Boti ya Mudrick ikafika. "Hodi huko! Mbona kimya, mashine mbovu?"

Idrisa akainuka, akatanua mikono mbele ya mizizi.

"Usishuke," akasema. "Humu mna watu."