Kofia ya Mabaki

Siku tatu zilikuwa zimebaki, na Basilia hakuweza kutulia mahali pamoja. Akiketi, anainuka. Akiinuka, anasahau alichoinukia. Aliingia jikoni akafunua chungu cha supu ya nafaka ya kinoa ambacho alikifunua muda si mrefu, akakifunika, akatoka uani, akalitazama ziwa kama kwamba ziwa lina la kumwambia, akarudi ndani. Mtoto wake Delfina, wa miezi saba, alikwisha kuzoea. Alikuwa amelala fofofo mgongoni mwake.

"Utatoboa sakafu," dada yake Leonarda alimwambia bila kuinua macho kutoka kwenye viazi alivyokuwa akimenya. "Kaa chini, wewe. Anayepimwa ni Toribio. Kazi yako ilikwisha."

Hapo ndipo penyewe. Kazi yake ndiyo iliyokuwa ikimla roho.

Kisiwani kwao wanawake husokota na wanaume hufuma, na kijana anayetaka kuoa hufuma kofia nyekundu, ile ya watu waliooa, akampelekea baba wa binti. Baba huigeuza juu chini, humimina maji ndani yake, kisha hutembea nayo kutoka kwenye mtungi hadi kwenye jiwe la mlangoni. Maji yakifika, kijana naye amefika. Yakidondoka njiani, kijana hurudi kwa mama yake akajifunze kufuma, na hana ruhusa ya kubisha hodi tena mpaka mwaka uishe. Kuishi pamoja hakumwokoi mtu, wala kuzaa. Toribio alikuwa akimbeba mwanawe huku kavaa kofia yenye kilele cheupe ya mvulana asiye na mke, na wenzake walimcheka gatini: "Bwana harusi, huyo mtoto umemwokota wapi?"

Na mzee Nazario, baba yao, hakuwa mtu wa kumwonea mtu haya. Miaka minne nyuma alimpima mchumba wa Leonarda. Tone lilidondoka katikati ya ua, mbele ya watu wote, na mzee akasema, "Mwakani." Kijana yule alivuka ziwa kwenda mji wa Puno kutafuta kibarua cha mwaka mmoja. Hajarudi mpaka leo.

Basi Basilia aliwaza: mwaka mmoja. Delfina atakuwa anatembea. Atamwita nani baba?

Tena kulikuwa na sufu ya kofia, nyingi tu na nzuri. Aliisokota mwenyewe kabla ya mimba, nyembamba na ngumu kama mshipi wa kuvulia. Lakini jalidi ilianza mapema mwaka huo, mtoto akashikwa na kikohozi, kifua kikalia kama mlango mbovu. Basilia hakuwaza mara mbili. Aliitoa sufu yote akampa Toribio, naye akamfumia mtoto sweta, soksi na blanketi dogo. Mtoto akapona. Kilichobaki kwa ajili ya kofia ni gunia la mabaki: vidonge vya uzi mwekundu wa kila namna, kimoja cha mkanda wa marehemu mama yao, kingine cha shali lililoliwa na nondo, vingine alivyovisokota akiwa na mimba. Na kulikuwa na donge moja kubwa alilolisokota baada ya kujifungua, mkono mmoja kwenye kijiti cha kusokotea, mwingine kwenye kichwa cha mtoto anayenyonya. Uzi wa donge hilo ulikuwa mlegevu, umevimba kama mkate uliokaa kwenye chai.

Alimpa Toribio yote pamoja. Toribio aliuliza, "Zote zimesokotwa sawa?" Naye akajibu, "Zote."

Sasa kofia ilikuwa imetundikwa ukutani, imekamilika, inangoja kishada tu. Toribio na mzee walikuwa shambani wakikanyaga viazi vilivyogandishwa na jalidi ili vikamuke maji. Leonarda alikwenda kuchota maji. Basilia aliitazama ile kofia. Akaangalia mlango. Akaitungua, akaigeuza, akamimina kikombe kimoja.

Maji yalitulia. Akavuta pumzi. Kisha, vidole vitatu kutoka kileleni, pale pale alipopajua, sufu ilianza kutoa jasho. Tone likadondoka mguuni pake, likafuatwa na jingine, na jingine, mpaka akapoteza hesabu.

Aliikamua, akaitandaza karibu na moto, akaigeuza, akaipuliza. Alikuwa bado anaipuliza Toribio alipoingia, miguu mitupu na myekundu kwa baridi.

"Nani kailowesha?"

"Mtoto."

"Mtoto kafanya nini?"

"Kakojoa."

Toribio aliichukua akainusa upande huu na upande ule. "Ama kweli mtoto wetu malaika. Mkojo wake unanukia moshi wa mkalitusi." Kisha akaacha kutabasamu. "Basilia. Umeipima."

Alitaka kukana, lakini machozi yalimtangulia. "Inavuja. Ni lile donge langu. Nililisokota nikinyonyesha, Toribio, nilijua ni legelege, na nikakwambia zote sawa."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni legelege. Tangu kitanzi cha kwanza. Vidole vyangu si vipofu."

"Ukanyamaza!"

"Ningesemaje? Ulikuwa hulali, huli, mtoto anakohoa. Nije niseme, mama Delfina, uzi wako mbaya? Nikasema nitaubana. Nikaubana mpaka sindano ikapinda." Alimwonyesha, sindano zake zilikuwa spoki za baiskeli zilizonolewa ncha, na mojawapo kweli ilikuwa imepinda kama ndoana. "Na wewe je? Mbona ulinyamaza?"

"Usinigeuzie kibao."

"Nani kageuza kibao?"

"Pole pole, baba atasikia!"

Wakagombana kwa kunong'ona, jambo gumu kuliko kugombana kwa sauti, mpaka Delfina akaamka na kuwakodolea macho. Basilia alimshusha mgongoni, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye pindo la sweta la mtoto. "Sufu nzuri iko hapa. Tukifumua mkono mmoja tu..."

"Thubutu!" Toribio aliurudisha nyuma mkono wa Basilia. "Mimi nivae nyekundu, mwanangu avae kikohozi? Heri nirudi kwa mama yangu."

Maneno hayo yalimgusa Basilia na kumtisha kwa pamoja, maana aliona kwamba angerudi kweli.

"Basi fumua kofia," alisema. "Fumua kilele. Nitausokota upya."

Toribio alifumua. Uzi ulitoka umejikunjakunja kama nywele za mtoto, na Basilia akaulowesha, akaunyoosha, akaufunga kwenye kijiti, akaanza kuukaza. Uzi ukikazwa hufupika. Alilijua hilo, lakini alipoupima baada ya saa nzima aliona umepungua kuliko alivyotegemea. Pangehitajika kuunganisha mabaki mengine, vipande vya urefu wa mkono, vya gunia lile lile. Na kila kiungo ni mlango wa maji. Fundo halifai, linaacha tundu. Inabidi kufungua ncha mbili, kuzichanganya, kuzitemea mate na kuzisugua viganjani mpaka zisahau kwamba zilikuwa mbili.

Siku hiyo na mbili zilizofuata alisokota akitembea. Ndani ya nyumba alishindwa, miguu ilidai njia. Alizunguka ua, akashuka ngazi za mawe mpaka karibu na gati, akapanda tena, mtoto mgongoni, kijiti kikizunguka kando ya goti lake. Upepo wa ziwani ulimkata mashavu. Kila alipokutana na mtu alijifanya ana safari.

"Basilia!" aliita baba yake mdogo, Casiano, ambaye kisiwa kizima kilijua ulimi wake haulali. "Unamfukuza nani?"

"Baridi, baba mdogo."

"Mbona mimi naona baridi ndiyo inayokufukuza wewe? Au ni lile jambo la Jumapili? Mwambie huyo kijana wako maji ya huku hayana adabu, yanapita hata pasipo na njia!" Akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Alipofika nyumbani, mzee Nazario alikuwa ameketi kwenye jua la ukutani, shavu limejaa majani ya koka aliyokuwa akitafuna. Alikitazama kijiti. Aliutazama uzi, mwekundu, siku moja kabla ya kupimwa.

"Umekaza," mzee alisema.

"Ndiyo, baba."

"Hmm." Akageuza uso kuelekea ziwani.

Jioni uzi ulikuwa bado umepungua kwa kiasi cha hatua sita. Gunia lilikuwa tupu. Basilia aliligeuza nje ndani, akaligongagonga kama kwamba uzi ungeweza kujificha. Leonarda alimtazama kwa muda. Halafu akaenda kwenye sanduku lake, akarudi na kidonge kidogo kilichokazwa vizuri, chekundu kilichoiva.

"Nilikisaza," alisema. "Cha kofia yake yule."

Basilia hakuthubutu kukipokea. "Dada..."

"Chukua. Uzi huu haukuvuja. Kilichovuja ni mkono wake, alikuwa na haraka na kila kitu." Alikitia kiganjani mwa mdogo wake na kukikunja kiganja kile. "Usilie juu yake, utaulowesha."

Toribio alifuma mpaka kulipopambazuka Jumapili, akafunga kishada huku watu wakianza kuingia uani. Kwenye kivuli jalidi ilikuwa bado nyeupe. Wanaume walibadilishana majani ya koka kama salamu, wanawake waliketi kwenye blanketi zao, na Casiano alijiweka karibu na jiwe la mlangoni, mahali pa kuona vizuri.

Mzee Nazario aliipokea kofia kwa mikono miwili. Aliipapasa nje, akaigeuza, akaipapasa ndani. Vidole vyake, ambavyo vilikuwa vimefuma tangu vikiwa vya mtoto, vilifika karibu na kilele vikasimama. Vikapita. Toribio alikuwa amevua kofia yake ya kilele cheupe na kuikunja mkononi. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Mzee alichota kata mbili za maji, akamimina. Akaanza kutembea.

Ni hatua ishirini na nane kutoka mtungini hadi jiweni, na mzee Nazario alijulikana kwa kuzitembea kama mtu aliyebeba sanamu ya mtakatifu siku ya maandamano. Moja. Mbili. Basilia aliikazia macho kofia chini yake, mahali pa vidole vitatu. Kavu. Saba, nane. Kavu. Mkono wake ulikuwa umemshika Leonarda bila yeye kujua.

Kwenye hatua ya kumi na mbili aliliona. Halikuwa tone bado, ni kijasho tu, shanga ndogo inayong'aa kwenye kiungo cha uzi wa shali la nondo. Shanga ikanona. Ikaanza kuning'inia.

Mzee naye aliinamisha macho. Aliiona. Basilia alijua kwamba ameiona, kwa sababu taya lake liliacha kutafuna.

Halafu mzee Nazario, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbilia boti au mazishi, wala akikimbia mvua, aliongeza mwendo. Hatua zake zikawa ndefu. Zikawa za haraka. Viatu vyake vya mpira wa gurudumu vilipiga mawe pa-pa-pa-pa kama vya kijana.

"Kaka!" Casiano alipaza sauti. "Unafukuzwa na nani?"

"Mikono inaganda! Ulitaka nitembee mpaka Pasaka?"

Mguu wake ulilikanyaga jiwe la mlangoni, na papo hapo tone likaachia.

"Limedondoka!" Casiano aliinama. "Limedondoka wapi? Juu ya jiwe au kabla? Hebu sogea, nione."

Mzee hakusogea. Kiatu chake kilikuwa juu ya mahali penyewe. "Mimi sioni kitu," alisema. "Maji yamefika." Akayamwaga kwenye beseni, watu wakayasikia yakianguka, mengi, ya kutosha. Kisha akamnyooshea Toribio kofia, ingali inachuruzika. "Vaa."

Toribio aliivaa. Maji yalimshuka shingoni mpaka mgongoni katika baridi ile, wala hakuyafuta. Watu walipiga makofi, mtu akaanza kupuliza zumari, na Casiano akawa anamweleza kila aliyekuwa karibu kwamba yeye ana macho yake mawili.

Basilia aligeuka kumkumbatia dada yake. Leonarda alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa anakitazama kile kiatu juu ya jiwe.

"Kwangu alitembea pole pole," Leonarda alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini mzee alikuwa karibu, akasikia. Aliinua uso wake. Zumari likaendelea kulia.

"Leonarda," mzee alisema. "Mwanangu."

Leonarda alipanguza mikono kwenye sketi yake, akaenda nyuma ya Basilia, akafungua fundo la kitambaa na kumchukua Delfina. Akamweka begani, akampigapiga mgongo.

"Ondoa mguu, baba, uingie ndani ukanywe kitu cha moto," alisema. Halafu, kwa Basilia, bila kumtazama: "Na wewe unangoja nini? Nenda ukasimame na mumeo, kabla hajaganda."