Ua la Neema la Tindimo

Nchi ya Tindimo imekaa kama sinia lililoinuliwa upande mmoja. Kusini ni mabonde ya udongo mweusi yanayolimwa mahindi na mtama, na kaskazini, pale sinia linapoinuka, kuna kilima kiitwacho Kilele, ambako Watukufu wamejijengea nyumba za mawe zenye mapaa ya rangi ya zambarau. Huko juu kila kitu ni zambarau. Mazulia ni zambarau, vilemba ni zambarau, hata punda wa kubebea nafaka hufungwa utepe wa zambarau mkiani, na watoto wa Watukufu wakizaliwa huogeshwa kwa maji yaliyolowekwa vimaua vya rangi hiyohiyo, wasije wakakua wakasahau kuwa wao si watu wa chini.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Mtukufu wa kwanza alipoingia Tindimo alikuta mashamba yote yamechanua vimaua vya zambarau katikati ya mahindi, na wapambe wake wakamwambia kwamba ardhi imetandika zulia kumpokea. Wakulima walikuwa wakiliita ua hilo kiduha, na kila wakilitaja walitema mate. Lakini mgeni alishalipenda. Akalipa jina la Ua la Neema, akapiga marufuku lisiitwe vinginevyo, na akaweka sheria mbili ambazo wajukuu zake walizitunza kuliko walivyotunza meno yao. Ya kwanza, mkono utakaong'oa ua hilo utakatwa. Ya pili, kwa kuwa shamba lenye maua mengi ndilo lenye neema nyingi, kila ua litakaloonekana Siku ya Maua litalipiwa pishi moja ya nafaka.

Ukawa ndio utaratibu. Shamba lililojaa maua lilikuwa na mahindi mafupi, ya njano, yaliyojikunja kama yamekosa maji ilhali mvua imenyesha mpaka mifereji imefurika, na mwenye shamba hilo, ambaye gunia moja kulipata ni kazi, ndiye aliyetakiwa kutoa pishi nyingi kuliko wote. Watoto walilazwa na uji wa pumba. Huko Kilele, Daktari Mashaushi, Mtaalamu Mkuu wa Ua, aliandika kitabu kinene kueleza kwamba mahindi ya Tindimo ni mafupi kwa sababu ya adabu: yanainama mbele ya ua.

Katika Bonde la Mkwiji kulikuwa na Bibi Shamba aliyeitwa Nyanzala. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, si msemaji sana, kiatu chake kimoja kimefungwa kwa kamba ya katani, na mfukoni hakukosa lenzi ya kukuzia vitu aliyopewa chuoni. Kazi yake ilikuwa kupita shamba kwa shamba akiwafundisha watu nafasi za kupandia na namna ya kuozesha samadi, na ikifika Siku ya Maua, kuhesabu maua. Hilo la mwisho ndilo lililomla moyo. Kwa miaka ishirini alihesabu maua kwenye mashamba ya watu wenye njaa, akishuka kila mstari huku wenye shamba wamesimama pembeni wanatazama midomo yake inavyocheza.

Siku moja alifika kwa jirani yake, mjane aitwaye Mama Sikitu. Mama Sikitu alikuwa amepanda mtambaa ukingoni mwa shamba kwa ajili ya mbuzi wake. Ni mmea wa majani matatu matatu, na viganda vyake hunata kwenye nguo hata uvibandue kimoja kimoja. Mtambaa ule ulikuwa umevuka mpaka ukaingia kwenye mahindi. Na pale ulipoingia, mahindi yalikuwa kijani kibichi, yamenenepa shina, na ua hata moja hakuna.

"Umeng'oa?" Nyanzala alinong'ona, shingo akiizungusha huku na huku.

"Ning'oe nina mikono mingapi, dada? Mbuzi wenyewe nawafunga midomo wasije wakalila nikakatwa mimi."

Nyanzala aliinama, akachuma tawi la mtambaa. Alirudi kwake, akachukua vyungu kumi na viwili, akavijaza udongo wa shamba lile lile, uliojaa mbegu za kiduha laini kama vumbi la unga. Sita akapanda mahindi peke yake. Sita akapanda mahindi pamoja na mtambaa. Alivimwagilia kwa kikombe kimoja, kiasi kilekile, na baada ya wiki sita akavimwaga juu ya shuka jeupe, akaosha mizizi kwenye beseni taratibu kama anayeosha nywele za mtoto mchanga, kisha akatoa lenzi.

Kwenye mahindi yaliyokuwa peke yake, vinyuzi vyeupe vilikuwa vimejichomeka mizizini, vimenona, kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Ua lilikuwa likinyonya huko chini wiki nyingi kabla halijatoa kichwa juu kupendeza watu. Kwenye vyungu vingine, mbegu zilikuwa zimeota pia, tena nyingi zaidi, lakini vinyuzi vyake vilikuwa vifupi, vimekauka, havikugusa chochote. Alirudia jaribio hilo misimu minne kabla hajajiamini. Mbegu ile yaweza kulala udongoni miaka ishirini ikingoja kusikia harufu ya mzizi wa kunyonya. Mtambaa unatoa harufu inayoiamsha, ila mzizi wake hautoboleki. Mbegu ikiisha kuamka haiwezi kulala tena, na akiba yake ni ya siku chache tu.

Akawafundisha wanawake wa Mkwiji kupanda mtambaa katikati ya mistari ya mahindi. Hakuna aliyeng'oa hata ua moja. Mwaka wa kwanza maua yakapungua, wa pili yakapungua zaidi, na wa tatu Nyanzala alipeleka Kilele hesabu ya maua manne.

Ndipo Mtukufu Fungamo, mtawala wa wakati huo, aliposhuka mwenyewe, na askari sitini, na Daktari Mashaushi akitweta nyuma na kitabu chake kwapani.

Wanawake walipangwa mstari. Askari wakakagua viganja kutafuta utomvu, wakapiga magoti kutafuta vishimo vya mimea iliyong'olewa. Mahindi yalisimama yakiwazidi kimo, yakitoa sauti kavu kila upepo ulipopita.

"Nani kang'oa?" Mtukufu aliuliza.

"Hakuna, Mtukufu," akajibu Nyanzala.

"Na hili dude linalonishika joho?"

Kabla Nyanzala hajafungua mdomo, Mama Sikitu aliropoka kwa hofu: "Ndilo linaloliita ua, baba!" Kisha akajiziba mdomo kwa kanga. Mtukufu alimgeukia Nyanzala.

"Linaita ua?"

"Kweli, Mtukufu," alisema Nyanzala polepole. "Mbegu za ua zilizolala udongoni zinaamka zikisikia mtambaa. Zinaamka nyingi kwa pamoja."

"Hata zilizolala tangu enzi ya baba yangu?"

"Hata hizo."

Macho ya Mtukufu yakawaka. Aliona maua ya baba yake na ya babu yake yakitoka yote kwa mpigo mmoja, na kila moja na pishi yake. Lakini hakuwa mjinga kabisa. Alitazama tena shamba. "Sasa mbona hapa hakuna kitu?"

Nyanzala alijua swali hilo ndilo mwisho wake. Akavuta pumzi ajibu, lakini Daktari Mashaushi, ambaye hakuzoea mtu mwingine kujibu swali la ua mbele yake, alimtangulia.

"Liko wazi, Mtukufu! Linaitwa na nani hapa? Na wajane. Na wafuga mbuzi. Ua la enzi haliwezi kuitikia watu wa namna hii. Likiitwa kwa amri ya Kilele, ndipo litatoka."

Mtukufu alicheka, na askari nao wakacheka. Siku hiyohiyo ilitolewa amri mtambaa upandwe Tindimo nzima, kila bonde, kila mstari. Kisha akamgeukia Nyanzala.

"Wewe utakaa kwangu. Maua yakijaa, nitakuvisha zambarau. Yasipojaa..." Hakumaliza. Aliitazama mikono ya Nyanzala, wa kulia, kisha wa kushoto.

Nyanzala alikaa Kilele misimu mitatu, katika chumba chenye dirisha linalotazama mabonde. Alipewa wali na nyama, na alikula kwa shida, maana aliweza kuona kutoka pale dirishani jinsi kijani kilivyokuwa kikienea bonde baada ya bonde, kijani kilekile kilichokuwa kikimfikisha kwenye panga. Msimu wa kwanza maua yalipungua nusu. Daktari Mashaushi akaeleza kwamba ua linakusanya nguvu. Msimu wa pili yalitosha kujaza kapu moja. Akaeleza kwamba ua linatafakari. Baada ya hapo, adhuhuri moja, alikuja chumbani kwa Nyanzala peke yake, kucha zake zina udongo.

"Bibi Shamba, nimechimba."

"Lini?"

"Jana. Na miaka thelathini iliyopita, nilipokuwa chuoni."

Nyanzala alimtazama. "Kwa hiyo ulijua linanyonya."

"Nilijua."

"Ukaandika ni adabu."

Daktari alishika pindo la joho lake. "Nina watoto saba, Bibi Shamba."

"Mama Sikitu alikuwa nao watano. Wamebaki wawili."

Chini uani mtu alikuwa akifagia ghala, na ufagio ulisikika ukikwaruza sakafu tupu.

"Utamwambia?" Nyanzala aliuliza.

"Nikimwambia, ataniuliza nimejua tangu lini." Akatoka, akaufunga mlango kwa upole, kama wa chumba cha mgonjwa.

Siku ya Maua ya mwaka wa tatu, Watukufu wote walikaa ukumbini kwa mavazi yao. Wahesabuji walirudi na makapu, wakayaweka chini. Hayakuwa na kitu. Mkubwa wao alipiga magoti.

"Tumepita mabonde yote, Mtukufu. Mahindi yamemzidi mtu kimo. Ua hatukuona."

"Maua yangu yako wapi?" Mtukufu Fungamo alimpigia kelele Nyanzala, aliyesimamishwa katikati ya ukumbi.

"Yalitoka, Mtukufu. Yalitoka kule chini, ya baba yako na ya babu yako, yakatafuta pa kushika, yakakosa."

Mtukufu aliinuka kitini. "Basi sheria nimeibadili! Hesabuni magunzi! Hesabuni majani!"

"Kudai bila ua tulishajaribu, Mtukufu," alisema mhesabuji. "Walitukaribisha vizuri, wakatuchomea mahindi, tukala tukashiba. Tulipowaambia watoe magunia wakatuuliza: ua liko wapi? Tukawaambia watoe hivyohivyo. Wakarudi kupalilia. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyekimbia. Tulisimama pale mpaka tukaona haya, tukaondoka."

"Mkamateni huyu mwanamke! Mikono yote miwili!"

Askari walikuwa sitini, mgongo ukutani. Wote walikuwa watoto wa mabondeni, na wengi walikuwa wametoka nyumbani wiki ileile. Mashavu yao yalikuwa yamejaa kidogo, na ukumbi mzima, pamoja na uvumba wote uliofukizwa, ulinuka mahindi ya kuchoma. Amri ilitoka mdomoni mwa Mtukufu, ikazunguka kuta. Hakuna aliyesogea. Akairudia, na safari hii sauti yake ilikuwa nyembamba. Daktari Mashaushi alikuwa ameinamia kitabu chake kana kwamba anatafuta ukurasa.

Kisha askari mmoja, wa tatu kutoka mlangoni, alichomoa panga akaanza kutembea. Nyanzala alikunja mikono yake kifuani. Askari alikuja taratibu, buti zake zikilia juu ya mawe, hadi akafika mahali ambapo njia ya kwenda kwa mwanamke na njia ya kwenda kwenye kiti cha Mtukufu zinaachana. Hapo alisimama. Hakuna aliyemtazama usoni. Watu wote ukumbini, wa zambarau na wasio wa zambarau, walikuwa wakiitazama miguu yake, waone utainuka upi.