Siku Tatu Bila Maji

Ndung'u aliniacha kwa ujumbe wa simu. Miaka sita nimemlea huyo mtu, yawa, halafu ananiandikia mistari miwili, ati asante kwa yote, nimehamia kwa Eddie kule Thika, Mungu akubariki. Niliusoma nikiwa nimesimama katikati ya jimu yangu ya kunyanyua vyuma hapa Mwihoko, wateja wananitazama, nikacheka kwa nguvu wasijue. Kisha nikaingia chooni nikalia. Sitaki kudanganya, nililia kama mtu aliyefiwa.

Alinijia kutoka Theta akiwa mkata mawe, mwembamba, vidole vimechubuka, hajui hata kushika chuma. Mimi Dalmas ndiye nilimfundisha kula, kulala, na kusimama jukwaani akitabasamu huku tumbo limeingia ndani. Mtoto sina. Nikiulizwa nimefanya nini na maisha yangu, nilikuwa naonyesha picha ya Ndung'u. Sasa Eddie, mtu wa juzi mwenye vioo ukuta mzima, ndiye angempeleka kwenye mashindano ya kutunisha misuli ya Thika, na jina langu lisitajwe popote. Nilitaka kitu kimoja tu: watu waone kwamba bila mimi yeye si kitu.

Jumanne ya wiki ya mashindano, mke wake Emmah akaja. Alibeba maembe ya kwa mamake kule Ngoliba, akanisalimia kwa mikono miwili. Akaniambia Eddie na Ndung'u wanabishana kuhusu maji. Eddie anataka aache kunywa siku ya mwisho tu, naye Ndung'u anasema kwangu alikuwa anaacha siku tatu. Ameona haya kuja mwenyewe, kwa hivyo amemtuma mkewe aulize, na aombe ile dawa ya tangawizi.

Hapa lazima nieleze. Mtu akikaribia kupanda jukwaani hupunguza maji ili ngozi ishikane na misuli. Kuna wanaojikausha siku tatu na wanasimama. Ndung'u hawezi, mwili wake haukuumbwa hivyo, lakini ana kiburi, na ukimwambia ni dhaifu kuliko wenzake atakunja uso wiki nzima. Basi nilikuwa namdanganya. Namwambia siku tatu hakuna maji, halafu namnywesha vikombe saba vya "dawa" kila siku. Dawa gani? Yalikuwa maji ya kawaida na kipande cha tangawizi. Miaka sita alikunywa maji yangu akijisifu kwa watu kwamba hanywi.

Emmah alikuwa ananingoja, chupa tupu mkononi. Ningeweza kuijaza pale pale kwenye mfereji.

"Hiyo dawa haikuwa na kazi yoyote," nikamwambia. "Mwambie akae siku tatu kavu, kama kawaida yetu."

Akanishukuru sana, akasema hata kama wamehama mimi bado ni mtu wao. Maembe niliwagawia wateja.

Jumamosi nilivaa koti langu la kanisani nikaketi safu ya pili. Ndung'u alipotoka, amepakwa rangi ya kahawia mwili mzima, ukumbi ulipiga kelele, maana alikuwa amekauka vizuri kuliko mwaka wowote. Nikaanza kuogopa kwamba atashinda. Akapiga pozi la kwanza, la pili. La tatu aligeuka kuonyesha mgongo, akainuka kwa vidole vya miguu, na kigimbi kikamshika. Kisha paja. Akaanguka chali mbele ya waamuzi, miguu imejikunja, akilia kwa Kikuyu kama mtoto. Watu wakacheka, wakatoa simu. Mshereheshaji akauliza kama hilo pia ni pozi. Nami nilifurahi. Mwili wote ulipata joto kwa furaha.

Emmah aliniona pale, akanivuta nyuma ya pazia. Ndung'u alikuwa amelazwa sakafuni, midomo imepasuka, Eddie akimkanda paja. Nikapiga magoti nikashika kigimbi, maana najua pa kushika. Akafungua macho.

"Kocha, usimlaumu Eddie," akasema. "Alinibembeleza ninywe hadi jana. Mimi ndiye nilikataa. Nilimwambia Kocha Dalmas hawezi kunipeleka vibaya, hata kama nilimwacha vibaya."

Eddie akaacha kukanda, akanitazama. Emmah pia alikuwa ananitazama, lakini yeye alikuwa anasubiri nimponye mumewe. Nafasi ya kusema ukweli ilikuwepo, na ilikuwa ndefu.

"Kocha wa maana hakubembelezi," nikasema. "Angekulazimisha."

Ndung'u akatikisa kichwa polepole, akakubali. Akamwambia Eddie aende tu, Kocha wake amefika. Eddie aliinuka, akarudi na kikombe cha maji yenye chumvi, akanipa mimi nimnyweshe.